Paa la Nusu Hema

Kabla ya vita, mwanamke yule alikuwa akishona magauni ya maharusi. Alikuwa na chumba kimoja kilichotazama barabara, mkabala na fundi viatu, na dirishani mwake hapakukosa gauni jeupe lililovishwa sanamu isiyo na kichwa. Wapita njia walisimama kulitazama, hata wale waliokuwa na haraka zao. Mumewe alikuwa amefariki zamani, watoto hawakujaaliwa, na sindano ndiyo iliyomlisha na kumsitiri. Vita vilipoingia, vitambaa vyeupe vilitoweka madukani kama vilivyofagiliwa, na maharusi wakawa wanaoana na nguo walizonazo mwilini, bwana harusi ameshavaa buti tayari kwa safari. Basi akafunga chumba, akajitwika cherehani yake ya mkono, akaenda kuomba kazi kwenye ghala la pamba la zamani, ambako jeshi lilikuwa limefungua karakana ya mahema.

Huko ndiko alikobandikwa jina la Mama Vifungo. Wapo waliokata, wapo waliopaka nta, wapo waliopinda kingo. Yeye, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi, aliwekwa kwenye vifungo na vitundu vyake. Kazi ile hakuipenda. Mtu aliyezoea hariri, kumpa turubai ni kama kumpa mpiga zumari shoka. Lilikuwa gumu, linanuka mafuta, linamla ncha za vidole mpaka kukamua limau kulikuwa kujitesa. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba walichokishona wala hakikuwa hema. Kilikuwa nusu.

Ndivyo jeshi lilivyotaka. Kila askari alipewa kipande kimoja cha turubai, kigongo cha kuunga, vigingi na kamba. Peke yake kipande kile hakikusimama. Ilibidi askari amtafute mwenzake mwenye kipande kama hicho, wafungane vifungo kwa juu, wasimamishe vigongo vyao, kisha waingie chini wote wawili kama vidole ndani ya mfuko mmoja. Na vifungo vyenyewe havikuwa upande mmoja tu ule wa kuungania. Vilizunguka pande zote, juu, chini, kushoto, kulia, na hakuna aliyejua kwa nini, kwa kuwa watu wawili walihitaji safu moja basi. Waliuliza wakaambiwa ndivyo mchoro ulivyokuja. Mama Vifungo aliona huo ni ubahili na ubadhirifu kwa pamoja: mtu anapelekwa kufa, nyumba anapewa nusu, vifungo anapewa vya watu wanne.

Alimwambia hivyo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa sajini wa vifaa na ndiye aliyekuja na lori kuchukua mizigo. Utani wao ulikuwa wa siku nyingi. Sajini akasema jeshi lina akili kuliko shemeji yake, kwa sababu askari aliyegombana na mwenziwe huloa, kwa hiyo hawagombani. Mama Vifungo akamuuliza yeye analala na nani. Sajini akajibu kwamba yeye hulala na stoo, na stoo haikoromi. Wanawake wakacheka mpaka msimamizi akagonga meza kwa mkasi.

Safari iliyofuata, Sajini hakuja na utani. Kikosi chake kilikuwa kimepelekwa juu milimani, kulinda mwanya ambamo barabara hupenya kati ya vilele viwili. Upepo wa huko, alisema, hauna adabu. Unang'oa vigingi na kuchana vitundu, na turubai likiganda kwa baridi hukatika kama biskuti. Kila hema lililoteremshwa kwa matengenezo lilichukua siku kadhaa kwenda na kurudi, na mwenye hema muda huo wote alilala chini ya mbingu. Mafundi wa jeshi walikuwa wametawanyika pande nyingine za vita. Kapteni wa kikosi hicho aliomba karakana itoe fundi mmoja apande na Sajini.

Msimamizi akawauliza wanawake. Wote wakainamia cherehani zao kana kwamba zimewaita. Mama Vifungo akasema atakwenda yeye, kwa sababu hana mtoto wa kumlilia nyumbani. Hilo lilikuwa kweli, ila lilikuwepo na jingine ambalo hakulisema. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuliona hema moja limesimama. Alishona, wakakunja, wakapakia. Gauni la harusi angalau alikuwa akiliona likitembea.

*

Walipanda siku nzima na nusu. Cherehani ilikuwa imefungwa kwenye blanketi, naye ameipakata mapajani kama mwana mchanga, kwa vile lori lilikuwa likirukaruka kwenye mashimo na hakumwamini dereva wala barabara. Miti ikaanza kufupika, kisha ikabaki vichaka, kisha mawe. Sajini alisinzia na kuzinduka, akamwambia kwamba wakifika asimshangae mtu kwa sura, huko juu hata Kapteni ananuka moshi.

Kona ya mwisho waliikata asubuhi, jua likiwa limechomoza hivi punde, na Mama Vifungo akamwomba dereva asimamishe.

Mteremko wote mbele yake ulikuwa umeota mahema. Yalikuwa madogo, mafupi, rangi ya majani makavu, yamejipanga kuufuata mgongo wa mlima, kundi kwa kundi, mpaka yalipomezwa na ukungu. Na ukungu ulipojivuta kidogo, yakaonekana mengine nyuma yake. Juu ya kila moja palikuwa na uzi mwembamba wa mvuke, ule wa pumzi na nguo mbichi zinazopigwa na jua. Hapa hema linatikisika, anatoka mtu kwa magoti, anajinyoosha; kule mwingine, na mwingine. Ulikuwa kama mlima unaozaa watu.

Alishuka kwenye lori, akasimama barabarani na shuka lake mabegani. Alikuwa amevishona vitu hivi huku akivilaani. Sasa alikuwa akitazama mji mzima, mji uliobebwa migongoni mwa wanaume na kusimamishwa kwa kamba, na ndani ya kila nyumba yake kulikuwa na wawili waliojaliwa kuamka. Sajini alimfuata akitaka kusema neno la kuchekesha, lakini alipomwona uso alilimeza.

"Yote haya yamepita mikononi mwetu?" Mama Vifungo akauliza.

"Yote, shemeji."

Akapangusa pua kwa pembe ya shuka, akasema wapande, kazi inangoja.

*

Alipewa pembe ya stoo, sanduku la risasi likawa meza, na kuanzia siku hiyo hakukosa foleni mlangoni. Askari walimwita mama, wote, hata wale wenye mvi kumpita. Walileta mahema yao na aibu kidogo, kama watu wanaomwonesha mgeni nyumba isiyofagiliwa. Kwa kuyashika aliwajua kabla hawajafungua mdomo. Yupo aliyeziba tundu kwa soksi. Yupo aliyechora mlango na dirisha lenye mapazia upande wa ndani, kwa mkaa, na chungu cha maua juu yake. Wawili walioshiriki hema moja walikuwa wamechora mstari wa mpaka katikati, na mmoja akalalamika kwa Mama Vifungo kwamba mwenzake huvuka mpaka kwa kiwiko kila alfajiri. Alijifunza pia mambo ambayo karakana haikuyajua: kwamba hema huchimbiwa mfereji kuzunguka ili maji yasiingie, kwamba kamba hulegezwa mvua ikianza kwa vile turubai likilowa hujikaza lenyewe, na kwamba usiguse turubai kwa ndani wakati wa mvua, maana pale ulipogusa ndipo litakapovuja.

Kati ya askari wale alikuwepo mmoja mrefu kupita kiasi, ambaye kikosi kizima kilimwita Twiga. Hema halikumtosha. Miguu yake ililala nje imevishwa gunia, na wenzake walisema adui akitaka kuwashambulia ataanza kujikwaa kwenye miguu ya Twiga. Zamani alikuwa akiucheka utani huo. Mwenzake wa hema, kijana mfupi aliyemfika kifuani, alikuwa ameuawa na risasi ya mbali wakati akichota maji, na tangu siku ile Twiga alikataa kupangiwa mtu mwingine. Nusu yake aliiegemeza kwenye jabali, akalala chini yake kama mbwa. Ile nusu ya marehemu aliikunja, akaiweka ndani ya shanta yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aitoe.

Sajini alimwonya shemeji yake asiliguse jambo hilo. Hakuligusa. Alichofanya ni kuchukua kipande cha hema lililochakaa, akamshonea Twiga mkia wa kufunika miguu, wenye vifungo vyake. Twiga aliupokea kwa mikono miwili. Kesho yake alimletea mzigo wa kuni kutoka bondeni, mwendo wa jasho, akauweka mlangoni na kubaki amesimama.

"Alikuwa anakoroma sana," akasema ghafla, na Mama Vifungo akajua anamsema nani. "Nilikuwa nampiga teke. Sasa kumekuwa kimya, na usingizi hauji."

Mama Vifungo akasogeza sanduku lingine, akamwambia akae amshikie uzi. Akakaa, akamshikia mpaka hema la siku ile likaisha.

*

Habari zililetwa na doria. Mji ulioko upande wa pili wa milima ulikuwa umepigwa mizinga, na watu wake walikuwa wanakuja. Barabara ilikuwa moja tu, na ilipita katikati ya mwanya, juu kidogo ya kambi.

Wa kwanza walitokea kabla ya adhuhuri. Wakafuatiwa na wengine, na barabara ikajaa. Walikuwa wazee, wanawake na watoto, wagonjwa juu ya mikokoteni, mtu na godoro kichwani, mtu na saa ya ukutani kwapani, ng'ombe mmoja aliyefunikwa zulia. Hawakuwa wakizungumza. Mama Vifungo alikuwa amepanda kupeleka chai pamoja na wapishi, na alipowaangalia aliona kwamba wengi hawakuwa wamechukua hata shuka, maana kule walikotoka kulikuwa na joto.

Kapteni, mwanamume mpole aliyekuwa akifundisha hesabu kabla ya vita, alisimama kando ya barabara akiwahimiza waharakishe kushuka, kwa sababu hakuipenda rangi ya anga. Lakini huharakishi mkokoteni wenye bibi kizee. Mahali pale njia ilikuwa nyembamba: upande mmoja ukuta wa jabali, mrefu na umesimama wima, upande wa pili korongo. Mtu akisimama, wote nyuma yake husimama. Na wakasimama, kwa sababu mbele mkokoteni ulivunjika ekseli.

Hapo ndipo giza likaingia mchana. Wingu lilishuka kutoka kilele likiwa jeusi lenye utando wa kijani, upepo ukapiga mara moja kama mlango, na mvua ya mawe ikaanza. Mwanzo yalikuwa madogo, yanaruka barabarani kama mahindi kikaangoni. Kisha yakawa makubwa kama mayai ya njiwa. Watoto walilia, wazee wakajifunika kwa mikono mitupu. Hapakuwa na mti, hapakuwa na pango, na kambi ilikuwa chini kwa mteremko ambao mgonjwa hangeweza kuushuka kwa wakati.

Twiga alikuwa akilinda pale barabarani. Mama Vifungo alimwona akipiga magoti na kufungua shanta. Aliitoa nusu ya marehemu, akaikunjua kwa mara ya kwanza, akawatandia bibi kizee na mjukuu wake waliokuwa wamejibana ukutani. Haikutosha. Kando yao palikuwa na mama na wanawe. Twiga akashuka mbio mpaka kwenye jabali lake, akarudi na nusu yake mwenyewe, akaifunga vifungo kwenye ile ya kwanza, si kwa juu kama hema, bali ubavu kwa ubavu, akaipandisha mikono yake mirefu akainua. Askari aliyekuwa karibu naye akaona, naye akashuka kufuata ya kwake.

Sajini alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alitazama juu kitambo kifupi tu. Kisha akapita kati ya mahema akizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kugawia sabuni.

"Vunjeni nyumba. Zote. Pelekeni juu, kila mtu ajifunge kwa jirani yake."

Ikawa patashika. Mji ule aliouona umesimama asubuhi ya kwanza, Mama Vifungo aliuona sasa ukilala chini mara moja, hema baada ya hema, kama majani yanayopitiwa na fyekeo. Na wenye mji wakapanda mlima mbio, wameziinua nyumba zao juu ya vichwa, mawe yakiwapiga kofia za chuma kwa mlio wa sufuria. Walipofika ukutani walijua la kufanya bila kuambiwa, maana mikono yao ilikuwa imekwisha kuzoea vifungo vile gizani, kwenye baridi, na usingizini. Kipande kikaungwa na kipande, ubavu kwa ubavu, kisha safu ya pili ikaungwa chini ya ile ya kwanza. Kwa upande wa jabali walipitisha kamba kwenye meno ya mwamba na kushindilia vigingi katika nyufa. Kwa upande wa korongo walisimamisha vigongo. Vigongo vikaisha, wakasimamisha bunduki. Bunduki zikaisha, wakasimama wenyewe.

Mama Vifungo hakukumbuka aliposhuka stoo kuchukua sindano wala alivyorudi. Alijikuta chini ya paa, sindano kubwa mdomoni, uzi wenye nta shingoni, akipenya kati ya watu waliochuchumaa. Alikuwa akitazama juu tu, akitafuta mahali palipofunguka. Vitundu vilikuwa vikichanika kwa uzito, na kila kilipochanika kimoja, jirani yake alibeba mzigo wa wawili. Akapanda juu ya mkokoteni, akaanza kushona hewani, mikono juu ya kichwa, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Upepo ulitaka kumwangusha. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkokoteni ule akamkumbatia magoti kwa nguvu zake zote.

"Samahani, mama," akasema mzee. "Si kwa ubaya."

"Shikilia tu, baba," akamjibu. "Leo ni halali."

Akashona kimoja, akashona cha pili, mzee akivutwa pamoja na mkokoteni kila mahali alipoelekeza. Hakujua alikaa kule juu kwa muda gani. Alichokijua ni kwamba ilifika mahali akatafuta tundu jingine asilione. Akateremsha mikono, akageuka, akatazama njia yote.

Paa lilianzia kona moja ya barabara likaishia kona ya pili. Lilikuwa moja. Lilikuwa likipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na juu yake mawe yalinguruma hata huwezi kumsikia aliye kando yako. Lakini chini yake palikuwa pakavu, na watu walikuwa wametulia. Mtoto mmoja alikuwa akinyonya. Yule ng'ombe wa zulia alikuwa akitafuna. Na pembeni mwa paa, upande wa korongo, walisimama askari bega kwa bega, migongo kwenye dhoruba, nyuso kwa watu, mikono yao yote juu. Walikuwa ukuta. Mawe yaliwapiga mgongoni na wao wakitazama ndani, macho wameyafumba nusu, midomo imekuwa ya buluu. Kapteni alikuwa miongoni mwao, miwani imejaa maji. Sajini naye alikuwepo. Twiga alikuwa katikati, mrefu kuwashinda wote, na mahali pale paa lilikuwa limeinuka kama kilele.

Akaketi pale pale mkokotenini. Pande zote zina vifungo, aliwaza. Juu, chini, kushoto, kulia. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa na kalamu akachora kipande kimoja cha mtu mmoja, na hakutaka kiwe na upande hata mmoja usioweza kushikamana na mwingine. Na yeye alikuwa amemwita mbadhirifu.

Bibi kizee wa Twiga alikuwa karibu naye. Alimvuta nguo, akamsogezea mdomo sikioni.

"Nani alijenga hapa?"

"Pamejengwa sasa hivi, mama," akajibu Mama Vifungo. Bibi akatazama juu tena, akanyoosha kidole, akagusa turubai polepole kama mtu anayegusa shavu. Lilipovuja pale alipogusa, akakinga tone kwa kiganja, akatabasamu.

*

Dhoruba ilikatika kama ilivyoanza. Wakalisukuma paa kwa vitako vya bunduki, barafu ikaporomoka korongoni kwa kishindo kirefu, na jua likaingia. Mlima wote ulikuwa mweupe. Hapo kambi ilipokuwa palionekana mistari tu ya mifereji, viwanja vidogo vidogo vilivyojaa mawe ya barafu, na kila kiwanja kilikuwa mahali walipolala wawili.

Watu waliinuka, lakini askari hawakushusha mikono. Walikuwa hawawezi. Mabega yalikuwa yamekazana, vidole vimekunjamana kwenye kingo za turubai kama makucha. Mmoja alijaribu akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Ndipo wanawake wa ule mji wakawaendea. Kila mmoja akamshika askari mikono, akaisugua, akaipulizia, akaishusha kidogo kidogo, kama mtu anavyoshusha mtungi kichwani asimwage. Bibi kizee hakumfikia Twiga mikono. Twiga akapiga magoti ili amfikie.

Si kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Mgonjwa mmoja alikata roho chini ya paa, na jamaa zake walimshukuru Kapteni kwamba walau alikufa mkavu. Askari mmoja alivunjika mfupa wa bega. Mahema mengi hayakufaa tena. Lakini ule umati ulishuka upande wa salama kabla ya magharibi, ekseli imeshafungwa kwa kamba za hema, na hakuna mtoto aliyeachwa mlimani.

Kisha askari walikaa barabarani kufungua vifungo, na hakuna aliyeweza kujua nusu ipi ni ya nani. Aliyechora dirisha alilikuta mikononi mwa mtu asiyemfahamu, akamwachia. Twiga alizitambua zake kwa mkia wa miguu na kwa doa aliloliacha marehemu kwenye ile yake. Akakaa nazo mapajani. Kando yake alikuwa askari mgeni, aliyekuja na lori la mwisho, ambaye nusu yake ilikuwa imegeuka matambara. Twiga alimtazama, akamuuliza kama anakoroma. Yule akasema, kwa woga, kwamba nyumbani humlalamikia. Twiga akamrushia ile nusu ya marehemu, akasema waanze kuchimba mfereji kungali na mwanga.

*

Mama Vifungo alibaki juu mpaka aliposhona kila kilichoweza kushonwa. Vita vilimalizika mwaka uliofuata. Sajini alirudi na goti baya na utani wake mzima. Twiga, kwa habari walizopata, alirudi kwao akaoa mwanamke mfupi. Chumba cha barabarani kikafunguliwa, na vitambaa vyeupe vikarudi taratibu, kwanza pamba, halafu hariri.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku aliporudi karakana vita vilikuwa bado vimepamba moto, na wanawake waliacha cherehani wakamzunguka, wanataka kusikia. Akaanza kusimulia. Alisema lilikuwa paa refu. Wakauliza refu kiasi gani. Akasema liliwafunika wote. Wakatazamana, kama watu wanaomsikiliza mwenye homa. Msimamizi akamwambia kwa upole akapumzike.

Hakupumzika. Alikwenda kwenye rundo la nusu zilizokamilika, akachukua moja, akaifunga kwenye ya pili, na ya tatu, ubavu kwa ubavu, pale sakafuni. Wanawake wakaona hachezi, wakaanza kumsaidia. Waliendelea mpaka turubai likajaa kutoka ukuta mpaka ukuta. Kisha akawaomba waingie chini, wainue, wanyooshe mikono mpaka mwisho, na wasishushe mpaka awaambie.

Mwanzo walicheka. Mmoja akalalamikia kwapa la jirani, mwingine akasema sasa anajua kwa nini mahema yananuka. Vicheko vikapungua. Mikono ikaanza kutetemeka, na turubai nalo likatetemeka, na kila mmoja akausikia uzito wa jirani yake ukimjia kupitia kwenye vifungo, na wa kwake ukienda. Msimamizi alikuwa amekuja kuwakemea warudi kazini. Alisimama kidogo akiwatazama. Kisha akaweka mkasi mezani, akatafuta mahali palipolegea, akaingia, akainua mikono.

Mama Vifungo alipita kati yao taratibu, akitazama juu. Hakuna aliyeshusha mikono.